Jina ni Shahidi wa Nini? Tathmini ya Madai ya Asili ya Kituruki katika Majina ya Kale

Ikisiri

Makala haya yanachunguza madai kwamba baadhi ya majina ya kale ya watu na ya mahali, kuanzia Sumeri hadi nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi, yana asili yake katika lugha za jamii ya Kituruki. Hoja inayoshikiliwa ni kuwa jina linaweza kuwa shahidi wa historia, lakini ushahidi huo sharti upimwe kama ushahidi mwingine wowote. Vigezo vinne vinapendekezwa, kisha vinatumiwa kupima madai yaliyo dhaifu, yenye utata na yenye mashiko. Mwishoni makala yanaeleza ni kwa nini madai ya aina hii hupendwa, na somo linalopatikana kwa mwanafunzi wa isimu na fasihi.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili akifungua kamusi ya lugha ya Uturuki, atakuta humo neno baba, na maana yake ni mzazi wa kiume. Umbo ni lile lile, maana ni ile ile. Je, Waswahili na Waturuki walikuwa ndugu hapo kale? Hapana mwanaisimu anayedai hivyo. Roman Jakobson alieleza mwaka 1960 kwamba maneno ya namna hii hutokana na sauti za mwanzo ambazo mtoto mchanga huweza kuzitamka, nao wazazi huzipokea na kuzipa maana. Ndiyo sababu maneno kama baba, mama, papa na ata huzuka katika lugha zisizokuwa na uhusiano wowote.

Mfano huu mdogo unabeba tatizo zima la makala haya. Ikiwa maneno mawili yanaweza kulingana kwa sauti na maana bila ya kuwa na asili moja, basi majina ya kale, ambayo mara nyingi hayana maana iliyo wazi, ni rahisi zaidi kumpotosha mtafiti. Jina lililoandikwa miaka elfu mbili iliyopita, na mgeni aliyelisikia kwa sikio la lugha yake, linaweza kufananishwa na neno la karibu lugha yoyote iwapo mfananishaji ana kamusi nene na subira ya kutosha.

Ikumbukwe kwamba jamii ya lugha za Kituruki ni pana. Ndani yake mna Kituruki cha Uturuki, Kiazeri, Kikazaki, Kiuzbeki, Kiuiguri, Kiyakuti na Kichuvashi, miongoni mwa nyingine. Maandishi marefu ya kale zaidi ya jamii hii yanayosomeka ni yale yaliyochongwa juu ya mawe katika bonde la mto Orkhon, nchini Mongolia, mnamo karne ya 8 B.K. Jiwe la Kül Tigin ni la mwaka 732. Vilhelm Thomsen wa Denmark ndiye aliyefumbua siri ya herufi zake mwaka 1893. Kwa hiyo, anayedai kuwa jina la miaka elfu moja au elfu tatu kabla ya hapo ni la Kituruki anavuka pengo kubwa lisilo na maandishi, na ni wajibu wake kuonyesha daraja alilolipitia.

2.0 Vigezo vya Kupima Asili ya Jina

Kigezo cha kwanza ni umbo kongwe lililoandikwa. Etimolojia haianzi na jina jinsi linavyotamkwa leo. Huanza na umbo la kale zaidi linalopatikana. Jina Istanbul ni mfano mzuri. Wapo waliolieleza kuwa ni Islambol, yaani mahali palipojaa Uislamu, na umbo hilo lilitumika hata kwenye sarafu za dola ya Uthmaniya. Hata hivyo, wataalamu hukubali kuwa chanzo chake ni maneno ya Kigiriki eis tin Polin, yenye maana ya 'mjini'. Islambol ni maelezo yaliyobuniwa baadaye na watu waliotaka jina liseme jambo wanalolielewa na kulipenda.

Kigezo cha pili ni ulinganifu wa sauti wenye utaratibu. Mwanafunzi wa isimu ya Kibantu anajua kuwa panda (mbegu) ni handa katika Gikuyu, na paka (rangi) ni haka. Sauti p ya Kiswahili inakabiliana na h ya Gikuyu, tena si katika neno moja tu. Lugha za Kituruki nazo zina kanuni zao. Sauti z ya Kituruki cha Uturuki hukabiliana na r ya Kichuvashi: kız (msichana) ni hĕr, na dokuz (tisa) ni tăhhăr. Vivyo hivyo ş hukabiliana na l: taş (jiwe) ni chul, na kış (majira ya baridi) ni hĕl. Kwa mtu wa kawaida, taş na chul hayafanani hata kidogo, ilhali ni neno moja kiasili. Baba na baba yanafanana kabisa, ilhali hayana uhusiano. Kinachothibitisha undugu wa maneno, basi, ni kanuni inayojirudia.

Kigezo cha tatu ni njia ya kihistoria. Neno halisafiri peke yake. Hubebwa na watu. Hapa Kiswahili chenyewe kina mfano wa neno lililopitia Uturuki. Afande linatokana na efendi la Kituruki. Njia yake inajulikana: jeshi la Misri lilitumia vyeo vya Kituruki, nao askari wa Kisudani waliotoka katika jeshi hilo waliingizwa katika majeshi ya kikoloni ya Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19. Wajerumani waliwaajiri kuanzia mwaka 1889, na katika jeshi lao mlikuwa na vyeo kama ombasha, kutokana na onbaşı, yaani mkuu wa watu kumi, na shaushi, kutokana na çavuş. Watu, wakati na mahali vyote vinajulikana. Fauka ya hayo, mfano huu una funzo jingine: efendi si neno la asili ya Kituruki. Waturuki walilipokea kutoka katika Kigiriki, ambamo lilimaanisha bwana au mwenye mamlaka. Kupita katika lugha fulani ni jambo moja, na kuzaliwa humo ni jambo jingine.

Kigezo cha nne ni mazingira ya jina. Jina moja likitengwa linaweza kusema lolote. Likiwekwa pamoja na majina mengine ya ukoo ule ule, ya mito ile ile au ya orodha ile ile, uhuru wa mfasiri hupungua. Maelezo mazuri hulifafanua kundi zima, si jina moja lililochaguliwa kwa sababu linapendeza.

3.0 Madai Yasiyosimama

Dai mashuhuri linahusu neno la Kisumeri dingir, lenye maana ya mungu, ambalo hulinganishwa na tengri la Kituruki cha kale, lenye maana ya mbingu na pia Mungu. Kutokana na ulinganisho huu wapo wanaoyageuza majina ya miungu na miji ya Sumeri kuwa ya Kituruki. Mfanano huu ni wa kuvutia, hapana shaka. Lakini Kisumeri kilikoma kusemwa kama lugha ya kila siku mnamo mwaka 2000 K.K. au karibu na hapo. Hata tukianza na neno la mbingu la watu wa Xiongnu ambalo Wachina walilinukuu katika historia yao ya karne ya 1 B.K., linalofanana na tengri, bado kuna pengo la miaka kama elfu mbili. Isitoshe, katika aina ya Kisumeri iitwayo Emesal neno hilo hutokea kama dimmer. Hii ni dalili kuwa konsonanti ya katikati katika umbo la awali haikuwa lazima ile inayosikika katika tengri. Linapochimbuliwa umbo kongwe, mfanano unapungua badala ya kuongezeka.

Dai la pili linamhusu Tomyris, malkia wa Wamassageta ambaye, kwa mujibu wa Herodotus, alimshinda Mfalme Koreshi wa Uajemi mnamo mwaka 530 K.K. Jina lake hufasiriwa na baadhi ya watu kwa temir au demir, neno la Kituruki lenye maana ya chuma. Ni fasiri inayomfaa malkia shujaa, na huko Kazakhstan filamu iitwayo Tomiris ilitolewa mwaka 2019. Hata hivyo, kigezo cha mazingira kinaleta kikwazo. Herodotus anamtaja pia mwana wa malkia huyo, Spargapises. Jina hili halielezeki kwa urahisi kwa Kituruki, lakini linaelezeka kwa lugha za jamii ya Kiirani. Tena mwandishi huyo huyo anataja wafalme wa nyika walioitwa Spargapeithes, jina lenye kiungo kile kile cha mwanzo. Anayemchukua mama na kumwacha mtoto amechagua ushahidi.

Mito ya nyika hizo inasema hivyo hivyo. Don, Dnieper na Dniester, ambayo miwili ya mwisho iliandikwa zamani kama Danapris na Danastris, yote ina kiungo kimoja. Katika Kiosetia, lugha ya Kiirani inayozungumzwa hadi leo katika milima ya Kaukazi, don ni maji au mto. Katika lugha ya Avesta, danu ni mto. Kiungo kinarudi, maana inafaa mito, na wasemaji wa lugha za Kiirani wanajulikana kuwa waliishi huko. Jina moja la Tomyris haliwezi kuupindua ushahidi wa namna hii.

4.0 Dai Lenye Utata: Jina la Attila

Attila, mfalme wa Wahun aliyefariki mwaka 453, ni kisa cha aina nyingine. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba jina lake ni la Kigothi: atta, yaani baba, pamoja na kiambishi cha udogishi -ila. Muundo huu unapatikana pia katika Wulfila, 'mbwamwitu mdogo', jina la askofu aliyeitafsiri Biblia kwa Kigothi katika karne ya 4. Wagothi wengi walikuwa chini ya himaya ya Wahun, kwa hiyo njia ya kihistoria ipo.

Upande wa pili unakumbusha kuwa ata ni baba katika lugha za Kituruki pia. Hapa tunarudi pale pale tulipoanzia: atta na ata ni maneno ya kitoto, na kufanana kwake hakumpi ushindi yeyote. Omeljan Pritsak, katika makala yake ya mwaka 1982 kuhusu lugha ya ukoo wa Attila, hakutegemea neno hilo. Alilifasiri jina kwa viungo vya Kituruki kama cheo cha mtawala mkuu. Hoja ya upande huu inapata nguvu zaidi katika majina ya jamaa za Attila. Mwanawe aliitwa Dengizich, jina linaloelekeana na tengiz au deniz, yaani bahari. Baba yake, Mundzuk, huhusishwa na neno la Kituruki lenye maana ya shanga.

Hata hivyo, kutoka katika lugha ya Wahun yenyewe waandishi wa kale walituachia maneno matatu tu, medos, kamos na strava, na hakuna hata moja lililo wazi kuwa la Kituruki. Mjadala haujafungwa. Mwaka 2025 Svenja Bonmann na Simon Fries walitoa hoja kwamba tabaka la watawala wa Wahun lilisema lugha ya jamii ya Kiyenisei, kutoka Siberia, na wakapendekeza kuwa hata jina Attila lina asili huko. Mtafiti mwaminifu hana budi kuliacha jina hili katika orodha ya yasiyoamuliwa, hata kama moyo wake unaelemea upande mmoja.

5.0 Madai Yenye Mashiko

Ingekuwa dhuluma kudhani kwamba kila dai la asili ya Kituruki ni ndoto. Yapo yaliyothibitika kwa namna ya kupendeza. Mwanahistoria wa Urusi, Alexander Popov, alichapisha mwaka 1866 orodha fupi ya watawala wa kale wa Wabulgaria, iliyohifadhiwa katika Kislavoni. Ndani yake mlikuwa na maneno yasiyoeleweka, kama dilom, shegor na dokhs. Baadaye wataalamu walitambua kuwa maneno hayo ni majina ya miaka katika kalenda ya wanyama: dilom ni nyoka, linalolingana na yılan, shegor ni ng'ombe, linalolingana na sığır, dokhs ni nguruwe, linalolingana na domuz. Maneno yako katika orodha moja, yote ni ya kalenda, na yote yanafuata kanuni za sauti za tawi la Kibulgari, ambalo Kichuvashi ndicho mrithi wake pekee aliyebaki. Waandishi walioyanakili walikuwa Waslavoni wasioyaelewa, kwa hiyo hawakuwa na sababu ya kuyabuni.

Kanuni iliyofunuliwa na orodha hiyo inaufikia mto mmoja. Ptolemy, mnamo katikati ya karne ya 2 B.K., alitaja mto uitwao Daix, kaskazini mwa Bahari ya Kaspi. Mto huo kwa lugha za Kituruki ni Yayık. Je, d na y yanakutana vipi? Yanakutana kama katika dilom na yılan. Kwa sababu hiyo watafiti wengi humchukulia Daix kuwa miongoni mwa majina ya kale zaidi ya Kituruki yaliyowahi kuandikwa, ingawa wapo wanaosita. Ulimwengu leo unaujua mto huo kwa jina Ural. Malkia Catherine II wa Urusi alilifuta jina Yaik mwaka 1775, baada ya uasi wa Pugachev, ili kumbukumbu ya uasi huo isahaulike. Wakazaki bado huuita Jayıq.

Tahadhari moja yafaa kuongezwa. Kiongozi aliyewavusha Wabulgaria mto Danube na ambaye dola yake ilitambuliwa mwaka 681 aliitwa Asparuh. Jina lake hufasiriwa na wengi kuwa la Kiirani, ilhali watu wake walitumia kalenda yenye maneno ya Kituruki. Jina la mtu halitoi hati ya kabila lake. Wanafunzi wanaoitwa Yohana, Fatuma au Wilson wanalifahamu jambo hili bila ya kufundishwa.

6.0 Kwa Nini Madai Haya Hupendwa?

Madai ya asili hayazuki hewani. Mwaka 1928, kama alivyosimulia Afet İnan, binti wa kulea wa Mustafa Kemal Atatürk, alimwonyesha kiongozi huyo kitabu cha Kifaransa kilichowahesabu Waturuki kuwa watu wa daraja la pili. Miaka iliyofuata Uturuki ilijibu kwa nadharia ya historia iliyowafanya Wasumeri na Wahiti kuwa Waturuki wa kale. Benki za serikali zikapewa majina yao: Sümerbank mwaka 1933 na Etibank mwaka 1935. Katika Kongamano la Lugha la mwaka 1936 ikatangazwa Nadharia ya Lugha ya Jua, iliyodai kuwa lugha zote chimbuko lake ni Kituruki, na kwamba neno la kwanza la binadamu lilikuwa mlio wa mshangao alipolitazama jua. Nadharia hiyo haikudumu baada ya kifo cha Atatürk mwaka 1938. Lakini ilikuwa na faida moja ya kivitendo: maneno ya Kiarabu na Kiajemi yaliyokuwa yakifukuzwa katika lugha yaliweza kubaki, kwani sasa yalihesabiwa kuwa ya Kituruki tangu hapo.

Kisa cha Olzhas Suleimenov, mshairi wa Kazakhstan, kinagusa fasihi moja kwa moja. Mwaka 1975 alichapisha huko Almaty kitabu Az i Ya. Anwani hiyo ina mchezo wa maneno: az ni 'mimi' katika Kislavoni cha kale, ya ni 'mimi' katika Kirusi cha leo, na yakiunganishwa yanasikika kama Asia. Katika sehemu ya kwanza alidai kuwa utendi wa kale wa Kirusi unaosimulia vita vya Mwanamfalme Igor vya mwaka 1185 una maneno ya Kituruki ambayo wahakiki wa Kirusi hawakuyatambua. Katika sehemu ya pili alikwenda hadi Sumeri. Mwaka 1976 kitabu kilijadiliwa na kukemewa vikali katika Chuo cha Sayansi cha Umoja wa Kisovieti.

Waliomkemea waliunganisha mambo mawili yaliyostahili kutenganishwa. Kuhusu utendi, Suleimenov alikuwa na msingi. Karl Menges alikuwa ameshatoa mwaka 1951 utafiti mzima juu ya msamiati wa mashariki uliomo humo, na haishangazi kwamba watu waliopigana, kuoana na kufanya biashara na Wapolovtsi, watu wa jamii ya Kituruki, walikopa maneno yao. Umbo, sauti, njia na mazingira vyote vinaweza kuchunguzwa. Kuhusu Sumeri, mshairi aliruka pengo lisilo na daraja. Siasa ilipokikataa kitabu kizima, iliwapa wafuasi wake sababu ya kukikubali kizima. Hivyo mjadala wa kitaalamu ukageuka kuwa swali la nani ni mzalendo.

7.0 Hitimisho

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Methali hii inaeleza kiu iliyo nyuma ya madai yote yaliyojadiliwa: mtu aliyedharauliwa hutafuta babu mkubwa. Kiu hiyo ni ya haki, na waliowadharau Waturuki, Wakazaki au Waafrika hawawezi kuwacheka kwa kuitafutia maji. Lakini babu wa kuazima hamfai mjukuu. Historia ya Kituruki ina mawe ya Orkhon, ina kalenda ya Wabulgaria na ina mto Yayık. Utukufu huo umethibitishwa, na kila dai la uongo linaloongezwa juu yake hulipa adui sababu ya kuyatilia shaka hata yaliyo kweli.

Kwa mwanafunzi anayekusanya majina ya vijiji, mito na koo za kwao, kazi inaanza na maswali manne. Jina hili liliandikwa lini kwa mara ya kwanza, na kwa umbo gani? Je, ulinganifu wa sauti ninaouona unajirudia katika maneno mengine? Nani alilibeba jina kutoka huko linakodaiwa kutoka, na lini? Majina jirani yanasemaje? Maelezo ya wazee nayo yaandikwe kwa heshima, hata pale yanapopingana na isimu, kwa kuwa yanatufahamisha jinsi jamii inavyolielewa jina lake. Yawekwe tu katika safu yake, na etimolojia katika safu yake. Na pale ushahidi unapokosekana, neno 'halijulikani' liandikwe bila ya haya. Limeandikwa mara nyingi katika kamusi bora za lugha zote.